Blugrasi, na maana ya bendi ya nyumbani

Blugrasi ni muziki wa nyuzi wa Marekani. Ngoma hamna, na kwa kawaida hata chombo cha umeme hamna: ni banjo, mandolini, fidla, gitaa na lile besi kubwa ambalo mpigaji hulikumbatia akiwa amesimama. Kazi ya ngoma hufanywa na mandolini, inayokwaruzwa kwa mkato mkali kati ya pigo moja la besi na jingine. Sauti ya kwanza huimba, ya juu huipanda mgongoni, na kati ya beti kila chombo hupewa zamu yake kitambe, kisha kirudi nyuma.

Jina limetokana na bendi moja. Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, Kentucky, aliwaita wenzake Blue Grass Boys, kwa sababu jimbo lake linasifika kwa nyasi za jina hilo. Alijiunga na kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Nashville, mwaka 1939, lakini mlio tunaoutambua leo ulikamilika mwishoni mwa 1945, alipoingia Earl Scruggs na banjo yake, aliyoipiga kwa vidole vitatu. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika: Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki waliiunda kwa kumbukumbu ya vyombo vya kwao, vya ngozi na nyuzi.

Amerikana ni neno pana zaidi, na kwa maoni yangu ni la watangazaji kuliko la wapigaji. Lilishika kasi katikati ya miaka ya 1990, redio zilipotafuta kapu moja la kutia kantri ya zamani, folki, bluzi na blugrasi. Tuzo za Grammy zilianza kutoa zawadi ya albamu bora ya amerikana mwaka 2010.

Sasa, bendi ya nyumbani. Ni bendi inayojulikana sana katika eneo lake, yenye ukumbi wake na siku yake, na haizunguki nchi nzima kutafuta mkate. Wengi huidhania kuwa ni bendi iliyoshindwa kufika mbali. The Seldom Scene, bendi ya blugrasi, inaonyesha kwamba huenda haikutaka.

Ilianza mwaka 1971 huko Bethesda, Maryland, kando ya Washington, katika chumba cha chini cha nyumba ya Ben Eldridge. Eldridge, mpiga banjo, alikuwa mwanahisabati. John Starling, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa daktari wa upasuaji. Tom Gray wa besi alichora ramani katika jarida la National Geographic. Mike Auldridge alikuwa msanii wa michoro. Yeye alipiga dobro, gitaa linalolazwa na kuteleziwa chuma juu ya nyuzi. John Duffey wa mandolini, mwenye sauti ya juu ya kupasua paa, alikuwa ametoka The Country Gentlemen, bendi nyingine ya blugrasi, mwaka 1969 akiwa amechoshwa na safari, akajishughulisha na kutengeneza vyombo vya muziki vilivyoharibika. Hata jina lao ni mzaha: kwa Kiingereza “seen” (kuonekana) na “scene” (onyesho la jukwaani) hutamkwa sawa, kwa hiyo ukilisikia linasema “wanaoonekana kwa nadra”, ukilisoma unakuta neno la jukwaani.

Anayekumbuka NUTA Jazz ya Dar es Salaam anajua kwamba wale waliajiriwa na chama cha wafanyakazi na kulipwa mshahara ili wapige muziki. Hawa wa The Seldom Scene mshahara wao ulitoka kwingine, kwa hiyo hakuna promota aliyeweza kuwapangia nyimbo. Walichukua nyimbo za roki wakazipiga kwa banjo, na wahafidhina wakanuna. Santuri yao ya kwanza ilitoka 1972.

Wasikilizaji walikuwa mlangoni. Tangu Vita vya Pili vya Dunia, watu wengi wa milima ya Appalachia walikuwa wamehamia Washington kutafuta kazi, wakaja na masikio yao. Bendi ilikuwa na usiku wake wa kila wiki kwanza Bethesda, kisha kwa miaka mingi kila Alhamisi ukumbini Birchmere, upande wa Virginia. Ukitaka kuwasikia, wewe ndiye ulisafiri.

Bendi ya namna hii ina udhaifu wake: kazi ya mchana ikikuhamisha, umeondoka. Starling aliondoka 1977. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi yao, Auldridge akiwemo, walitaka kupiga muziki muda wote; wakajitoa na kuunda bendi nyingine. Duffey na Eldridge wakasuka kikosi kipya, na Duffey akafariki Desemba 1996. Wengi walidhani ndiyo basi. Dudley Connell na wenzake wa kikosi hicho kipya wakaendelea, na mwaka 2014 bendi ikaingizwa katika Jumba la Heshima la Blugrasi. Eldridge alistaafu 2016. Tangu hapo hamna mwanzilishi hata mmoja jukwaani, na jina ni lile lile.