Si Pesa za Scorsese: Dhana Potofu Kuhusu Pailoti ya Boardwalk Empire

Vijana wanaoniletea miswada ya tamthilia za uhalifu wa enzi zilizopita huniambia jambo lile lile: "Mwalimu, hii inataka bajeti kama ya Boardwalk Empire." Nimechoka kulisikia, maana limeshaua kazi nyingi nzuri zikiwa bado karatasini. Boardwalk Empire ni tamthilia ya uhalifu ya HBO, kituo cha televisheni cha Marekani. Pailoti yake, yaani episodi ya majaribio ambayo kituo huitazama kabla ya kuagiza msimu, iliongozwa na Martin Scorsese, mwongozaji mashuhuri wa filamu.

Dhana: Pailoti ile ilibebwa na pesa.

Pesa zilikuwepo, sibishi. Zilitajwa dola zipatazo milioni 18. Lakini hata kwa fedha hizo HBO hawakujenga Atlantic City, mji wa ufukweni ambako hadithi inatokea. Walichukua kiwanja kitupu Greenpoint, Brooklyn, wakajenga kipande cha ile njia ya mbao ya ufukweni, kama mita 90 tu. Bahari haikuwepo; iliongezwa baadaye kwa kompyuta, pale zilipokuwa skrini za bluu.

Kinachomshika mtazamaji ni uamuzi wa Terence Winter, aliyeandika, na huo haukugharimu hata senti. Alichagua tarehe. Ni Januari 1920, marufuku ya pombe inaanza kutumika Marekani nzima. Sheria ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha, kunywa haikukataza. Basi kiu imebaki palepale na bidhaa imeharamishwa. Nucky Thompson, mhusika mkuu, anawaliza akina mama wanaopinga ulevi kwa kisa cha huzuni, kisha anakwenda kuketi na wakubwa wa mji kupanga faida ya pombe hiyo hiyo. Hapo umeshamjua mtu, mji na biashara. Kazi hiyo inahitaji ukumbi, meza na waigizaji wanaojua kazi.

Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kuhangaika na magari ya kale na maleba, tafuteni siku ambayo jambo la kawaida limegeuka kosa. Tanzania tunayo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwafanya watu wafiche bidhaa, wengine wakazitupa. Duka moja, usiku mmoja, katoni za sabuni chini ya kitanda, na jirani aliyeziona zikiingia. Hiyo ni pailoti, na naitamani mno. Bado sijaletewa.

Dhana: Scorsese ndiye aliyeitengeneza tamthilia.

Kati ya episodi 56 aliongoza pailoti tu, akiwa pia mmoja wa watayarishaji. Uongozaji huo ulimpa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2011, na aliistahili. Mwenye tamthilia ni Winter.

Dhana: Pailoti ni episodi ya kwanza tu.

Ilirekodiwa 2009, na Septemba mwaka huo HBO wakaagiza msimu mzima. Umma uliiona tarehe 19 Septemba 2010. Mtazamaji wake wa kwanza alikuwa mnunuzi. Acheni kumweleza mnunuzi ukoo mzima wa mhusika. Mpeni sababu ya kutaka episodi ya pili.

Dhana: Kila kilichomo ni historia.

Hapana. Nucky ametokana na Enoch Johnson, mweka hazina wa kaunti aliyeutawala mji ule hadi alipofungwa kwa kukwepa kodi mwaka 1941. Jina la ukoo lilibadilishwa ili mwandishi awe huru. Big Jim Colosimo, bosi wa genge la Chicago, aliuawa tarehe 11 Mei 1920, ila pailoti inamuua Januari. Ukihamisha tukio, hamisha kwa makusudi kama wao, si kwa kutosoma.

Dhana: Idadi ya watazamaji wa usiku wa kwanza inamaliza kila kitu.

Usiku ule waliotazama onyesho la kwanza walikuwa milioni 4.8, na ndani ya siku chache msimu wa pili ukaagizwa. Msimu huo ulipofunguliwa 2011, hawakufika milioni 3. Hata hivyo tamthilia ilidumu hadi 2014, kwa sababu HBO huishi kwa ada za wanachama, si kwa matangazo. Kwa hiyo mkienda kuuza pailoti, ulizeni kwanza kituo kinalipwa na nani.