Cheti cha MOT hakithibitishi uzima wa injini

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika nchini Uingereza huamini kwamba gari lenye cheti cha MOT, yaani cha ukaguzi wa usalama unaofanywa kila mwaka baada ya gari kutimiza miaka 3, limethibitishwa kuwa zima kuanzia injini hadi giaboksi. Sivyo. Mkaguzi huangalia breki, usukani, taa, mikanda, kutu, moshi na matairi, ambayo kashata zake hazipaswi kuwa na kina pungufu ya milimita 1.6. Lakini hali ya injini, klachi na giaboksi haimo katika kazi yake, wala hafungui vipuri ili aone ndani. Ndiyo maana klachi inayokaribia kuisha hupita kimya, ilhali gari lisilo na maji ya kuoshea kioo cha mbele huangushwa, jambo linaloweza kumshangaza mwenye gari.

Tangu Mei 2018 kasoro hupangwa kuwa za hatari, kubwa au ndogo, na ni hizo ndogo pekee zisizozuia cheti. Tena, cheti hueleza hali ya siku ile ya ukaguzi tu: matairi yakiwa vipara miezi miwili baadaye, dereva huwajibika kisheria.