Je, wajua kwa nini matobo mawili ya meno hayazibwi kwa kitu kimoja?

Watu wawili wanaweza kuingia kliniki moja, kila mmoja na jino lililotoboka, wakatoka wamezibwa kwa vitu tofauti. Wengi hudhani ni suala la bei. Bei imo, lakini kabla yake daktari hujiuliza mengine: tobo lina kina gani, liko upande gani wa jino, je, pale panaweza kukaushwa au mate yatajaa, na kuta zilizobaki zina nguvu kiasi gani.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Haishikani na jino. Hukaa kwa kubanwa tu, ndiyo maana daktari hulazimika kuchonga tobo liwe pana zaidi ndani kuliko juu, hata ikibidi kukata sehemu ambayo haijaoza. Sifa yake ni uimara: hustahimili kutafuna kwa miaka mingi, wala haisumbuliwi sana na unyevu wakati wa kuziba. Kinachoiondoa sokoni ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi wanachama zipunguze matumizi ya amalgamu, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sehemu kubwa kuanzia Januari 2025.

Kompositi, nyeupe, ni plastiki iliyochanganywa na chembe za kioo. Jino hupakwa asidi kwanza ili uso wake ukwaruzike, kisha gundi, ndipo kompositi ipangwe tabaka baada ya tabaka na kila moja igandishwe kwa mwanga wa bluu. Hapa daktari hukata kilichooza tu. Ila inadeka: tone la mate likiingia kabla haijaganda, gundi haishiki, na baada ya muda uozo huanza upya pembeni. Ukiona daktari anahangaika na pamba na kibomba cha kunyonya mate, ndiyo sababu.

Ya tatu wagonjwa wengi hawaijui kwa jina, nayo ndiyo yenye historia inayotuhusu. Glasi ionoma ni unga wa kioo unaokorogwa na asidi. Hushikana na jino yenyewe, huvumilia unyevu kidogo, na huachia floraidi taratibu. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa na tatizo la wazi: vijijini hapakuwa na umeme wa kuendesha mashine ya kutoboa, kwa hiyo jino lililooza liling'olewa tu. Daktari Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Dar es Salaam, alishiriki kuanzisha njia ya kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono na kuliziba tobo kwa saruji ya meno inayoshikana na jino. Glasi ionoma ilikuja kuwa saruji kuu ya njia hiyo. Husukumwa ndani kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono njia hiyo, na mwaka 2021 glasi ionoma ikaingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Kwa maoni yangu, ni moja ya michango ya Tanzania katika tiba isiyotajwa vya kutosha.

Udhaifu wa glasi ionoma ni kulika. Kwenye tobo dogo la upande mmoja hudumu vizuri sana. Kwenye gego lililobomoka pande mbili au tatu huvunjika mapema, na hapo kompositi ina nafasi nzuri zaidi.

Yote hayo ni kwa jino ambalo kiini chake bado ki hai. Linaloshtuka kwa maji baridi kisha likatulia mara moja, kwa kawaida linazibika. Linalouma lenyewe usiku na kukunyima usingizi, huenda uozo umeshafika kwenye neva, na kuliziba juu juu ni kufungia ugonjwa ndani. Eksirei hupigwa, mizizi husafishwa na kujazwa kwanza, na likiwa gego, mara nyingi huvishwa kofia, kwa sababu kuta zilizobaki nyembamba hupasuka zikianza kutafuna tena.