Je, wajua kwa nini viatu vya Dorothy, msichana wa hadithi ya The Wizard of Oz, ni vya fedha kitabuni lakini vyekundu kwenye filamu?

Julai huku Uyole, Mbeya, baridi huwa kali. Jioni moja tulijifunika mablanketi, mimi na binti wa dada yangu aliye kidato cha pili, tukatazama The Wizard of Oz kwenye kompyuta. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemaliza kusoma kitabu chake. Viatu vya Dorothy vilipojitokeza tu, vyekundu, vinametameta, akanigeukia: "Mjomba, mbona wamekosea? Kitabuni ni vya fedha."

Hawakukosea. L. Frank Baum alipotoa kitabu hicho mwaka 1900, viatu vilikuwa vya fedha kweli. Hata skripti ya filamu ilianza navyo hivyo hivyo, mpaka mwandishi wake mmoja, Noel Langley, alipovigeuza. Filamu ilitoka mwaka 1939, enzi ambazo picha za rangi zilikuwa bado ghali na zinawashangaza watu, na kiatu chekundu juu ya barabara ya matofali ya njano kinanasa jicho kuliko cha fedha. Msomaji akikutana na neno "fedha", akili yake mwenyewe ndiyo inayoking'arisha kiatu. Kamera haina msaidizi huyo. Kisichong'aa mbele yake hakitang'aa popote.

Hapo ndipo penye jibu la maswali mengi ya "mbona kitabuni haiko hivi". Mwanzoni mwa kitabu Baum anarudia neno moja, kijivu: nyika ya Kansas, Marekani, anakoishi Dorothy, ni ya kijivu, nyumba ni ya kijivu, macho na mashavu ya Shangazi Em yamepauka yakawa ya kijivu, Mjomba Henry naye wa kijivu kuanzia ndevu hadi mabuti. Waliotengeneza filamu hawakuwa na haja ya kulitamka neno hilo hata mara moja. Kansas yote waliipiga bila rangi, kisha Dorothy anafungua mlango baada ya kimbunga kumpeleka nchi ya Oz, na rangi zinamwagika zote kwa pamoja. Kwangu mimi huo ni uaminifu mkubwa kwa mwandishi, ingawa hakuna sentensi yake hata moja iliyosomwa.

Lakini kuna kilichopotea, na kinaniuma. Kitabuni kila anayeingia Jiji la Zumaridi, makao ya mchawi wa Oz, huvishwa miwani ya kijani inayofungwa kwa kufuli. Baadaye yule mchawi anakiri kwamba jiji lake si la kijani kuliko miji mingine. Ni miwani tu. Kwenye filamu miwani haipo, jiji ni la kijani kwelikweli. Kitabu kinaweza kukwambia "kijani" kurasa nyingi kikakuficha kwamba unatazama kupitia kioo. Kamera ingekuonyesha ile miwani usoni mwa kila mtu, na siri ingekaa wazi muda wote.

Halafu kuna muda. Watu wa filamu huhesabu ukurasa mmoja wa skripti kuwa kama dakika moja, kwa hiyo saa mbili ni kurasa 120 hivi, zenye nafasi nyingi tupu. Ndiyo maana kwenye The Lord of the Rings, filamu ya kwanza ya mwaka 2001 ilimwacha kabisa Tom Bombadil, mzee wa ajabu wa msituni aliyemo kitabuni, na ile miaka 17 ambayo shujaa Frodo anakaa na pete ya kichawi kabla ya kuondoka kijijini haisikiki.

Kitu kigumu zaidi kukihamisha ni mawazo ya mhusika. Riwaya ina msimulizi anayeingia kichwani mwa mtu na kutoka. Filamu ina uso tu. Nilipokuwa mdogo, kwenye banda la video Mwanjelwa, mtafsiri alikuwa akiifanya kazi hiyo bila kuombwa. Shujaa akisimama kimya mlangoni, sauti ya mtafsiri inaingia: "Hapo anawaza, nikitoka nimekwisha, nikibaki mdogo wangu amekwisha." Banda zima linanyamaza. Wapo waliosema anaharibu filamu. Mimi naona alikuwa anaturudishia yule msimulizi aliyeachwa kitabuni.

Filamu ilipokaribia mwisho, Dorothy akaamka kitandani kwake, kumbe yote yalikuwa ndoto. Binti akasimamisha picha. "Sasa nyumba mpya iko wapi?" Maana kitabuni nchi ya Oz ni ya kweli na kimbunga kiliibeba nyumba kweli, Dorothy anaporudi anakuta Mjomba Henry amejenga nyingine. Akaenda kuleta kitabu, akafungua kurasa za mwisho, akaanza kunisomea sentensi moja moja huku akizigeuza Kiswahili, na kila alipofika kwenye nyumba ile aliongeza maneno yake mwenyewe, jinsi mzee alivyohangaika kutafuta mbao.