"Open" katika gofu: mlango uliofunguliwa kidogo kidogo

Kenya Open, Uganda Open, Tanzania Open: karibu kila nchi inayocheza gofu ina mashindano yenye jina hilo, na wasomaji wengi wa kurasa za michezo hulipita kama pambo tu. Kumbe ndani yake mna kanuni ya kujiunga. Mashindano ya Open ni yale ambayo mchezaji wa kulipwa na wa ridhaa wanapigania ubingwa mmoja, uwanja mmoja, kwa hesabu ileile ya mikwaju, na hakuna anayeulizwa ni mwanachama wa klabu gani. Kinachopimwa ni kiwango. Kinyume chake yapo mashindano ya wanachama peke yao, ya ridhaa peke yao, au ya walioalikwa, kama Masters ya kule Augusta, Marekani, ambayo mpaka leo huingii bila barua ya mwaliko.

Kanuni hiyo ina mahali ilipozaliwa: Prestwick, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uskoti. Na ukiifuata historia yake unakuta jambo la kuchekesha kidogo. Mashindano yanayohesabiwa kuwa Open ya kwanza duniani hayakuwa wazi hata kidogo, na waliofungiwa nje walikuwa mabwana wakubwa.

Katikati ya karne ya 19 gofu ya Uskoti ilikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwapo waungwana, wenye ardhi na vyeo vya jeshi, waliounda klabu na kucheza kwa starehe na kwa kamari. Na walikuwapo waliowahudumia: makedi waliobeba fimbo, mafundi waliochonga fimbo hizo na kutengeneza mipira, watunza viwanja. Hawa wa pili ndio walioitwa wachezaji wa kulipwa. Hakuna aliyewalipa mshahara wa kucheza; walipata riziki kwa kazi za mikono, na mara kwa mara walichezeshwa mechi za wawili wawili huku mabwana wakiwawekea dau.

Bingwa asiye na mpinzani wa zama hizo alikuwa Allan Robertson wa St Andrews, mji wa pwani ya mashariki ya Uskoti, fundi wa mipira ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege. Mpira mmoja ulikula muda mrefu wa fundi na bei yake ilikuwa kali. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1840, ukaja mpira wa gutta-percha, utomvu wa mti wa nchi ya Malaya (Malaysia ya leo), uliotengenezwa haraka na kwa bei nafuu. Robertson aliuona kama adui wa biashara yake. Inasimuliwa kwamba alipomkuta msaidizi wake, Tom Morris, akicheza na mpira huo mpya, waligombana na kila mtu akashika njia yake. Mwaka 1851 Morris akahamia Prestwick, klabu iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo, akapewa kazi ya kutunza uwanja na akaupanga mwenyewe kwa mashimo 12. Shimo la kwanza lilikuwa na urefu wa yadi 578, zaidi ya nusu kilomita. Kwa fimbo za mbao za wakati ule hiyo ilikuwa safari.

Robertson alifariki Septemba 1859, akaacha swali: nani sasa ndiye bingwa? Prestwick, chini ya watu kama Earl wa Eglinton na James Ogilvie Fairlie, wakaamua swali lijibiwe uwanjani. Waliziandikia klabu nyingine ziwalete makedi wao bora, ila wawe wenye mwenendo mzuri. Sharti hilo halikuwa la bure. Makedi walikuwa na sifa ya ulevi, na wenyeji hawakutaka aibu.

Tarehe 17 Oktoba 1860 walijitokeza wanane. Walizunguka mashimo 12 mara tatu kwa siku moja, jumla mashimo 36. Kila jozi ilifuatana na mtu wa kuandika mikwaju, maana mabwana hawakuwa tayari kuliamini neno la kedi. Willie Park wa Musselburgh alimaliza kwa mikwaju 174, Tom Morris akiwa mwenyeji akapata 176, na wa mwisho akaburura mpaka 232. Zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu wenye bizimu ya fedha, uliogharimu pauni 25. Hela taslimu haikuwapo hata senti. Na hata mkanda wenyewe bingwa hakuondoka nao hivihivi: kanuni zilisema ukae kwa mtunza hazina wa klabu mpaka mshindi alete dhamana ya kuiridhisha kamati. Yaani wewe ndiye bingwa, ila kwanza tupate wa kukudhamini.

Hapo ndipo dhana yenyewe inapoanza. Wachezaji wa ridhaa, yaani mabwana, hawakuruhusiwa kuingia mwaka ule. Wao walikuwa na mashindano yao, yaliyochezwa St Andrews kuanzia 1857. Mwaka 1861 Prestwick ikatangaza kwamba mkanda uko wazi kwa dunia nzima. Walicheza wa kulipwa 10 na wa ridhaa 8, Fairlie mwenyewe akiwamo. Tom Morris akashinda kwa mikwaju 163. Ni kama karamu ambayo wapishi walikaribishwa mezani kwanza, kisha wenye nyumba wakaomba viti. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa kwa mara ya kwanza ulifunguliwa kwa faida ya wakubwa, na wakubwa hao walipoingia wakachapwa. Ilichukua karibu miaka 30 kabla mchezaji wa ridhaa kushinda: John Ball, mwaka 1890, ambaye pia ndiye Mwingereza wa kwanza kulitwaa taji hilo.

Miaka ya kati tunaweza kuipita haraka, isipokuwa kwa jina moja. Tom Morris alishinda mara nne, ya mwisho mwaka 1867 akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata mwanawe, naye akiitwa Tom, alimpokonya taji akiwa na miaka 17. Mpaka leo rekodi za mshindi mzee kuliko wote na mdogo kuliko wote wa mashindano hayo zimo ndani ya familia moja. Kijana akashinda tena 1869, na 1870 akaanza kwa kulimaliza lile shimo la yadi 578 kwa mikwaju mitatu, akamaliza mashimo 36 kwa mikwaju 149. Wa pili wake alikuwa nyuma kwa mikwaju 12. Kanuni zilisema atakayeshinda mara tatu mfululizo mkanda ni mali yake moja kwa moja. Akauchukua nyumbani, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika. Hapakuwa na kitu cha kushindania.

Prestwick ikaungana na klabu mbili, ile ya St Andrews na ile ya wanagofu wa Edinburgh, kila moja ikatoa pauni 10, likatengenezwa jagi la fedha linaloitwa Claret Jug, ambalo nakala yake bado hutolewa. Kijana Tom alishinda tena 1872 kabla jagi halijawa tayari, hivyo jina lake ndilo la kwanza kuchorwa ingawa hakukabidhiwa siku ile. Muungano huo ulikuwa na maana kuliko jagi: kuanzia hapo mashindano yakawa yanazunguka viwanja, hayakuwa tena mali ya klabu moja. Kijana hakuishi kuyaona yakikua. Mkewe alifariki wakati wa kujifungua mwaka 1875, mtoto pia, na yeye akafariki siku ya Krismasi ya mwaka huohuo akiwa na miaka 24.

Wamarekani waliichukua dhana hiyo mwaka 1895, wakaanzisha Open yao huko Newport. Mwaka wa pili tu dhana ikajaribiwa kwa namna ambayo Waskoti hawakuwahi kuiwaza. Walijiandikisha John Shippen, kijana Mweusi wa miaka 16 aliyefundishwa gofu kwenye klabu ya Shinnecock Hills, jimbo la New York, na Oscar Bunn, wa kabila la Shinnecock, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Baadhi ya wachezaji weupe walitishia kujitoa. Rais wa chama cha gofu, Theodore Havemeyer, akawajibu kwamba mashindano yatachezwa hata wakibaki hao wawili peke yao. Waliogoma wakarudi uwanjani kimyakimya. Shippen alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele mpaka shimo moja la raundi ya pili lilipomla mikwaju 11. Kwangu mimi jibu la Havemeyer ndiyo siku neno "wazi" lilipopata uzito wake, ingawa vyama vya wachezaji wa kulipwa nchini humo viliendelea kuwabagua Weusi kwa miongo mingi baadaye.

Na uwanja ukiwa wazi, nyumba ya klabu ilikuwa bado imefungwa. Mwaka 1920, kwenye Open ya Uingereza, yaani yale mashindano yaliyoanzia Prestwick, iliyochezewa mji wa Deal, wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kuingia ndani hata kubadili nguo. Mmarekani Walter Hagen akaegesha gari la kifahari mbele ya mlango wa klabu, akalifanya ndilo chumba chake. Mwaka huohuo klabu ya Inverness, huko Toledo, iliwakaribisha wachezaji wa kulipwa ndani wakati wa Open ya Marekani, nao wakaishukuru kwa kuizawadia saa kubwa ya kusimama.

Wanawake walingoja zaidi. Masharti ya Open ya Uingereza yaliwataja wanaume tu hadi 2005, yalipobadilishwa ili mwanamke aliyefikia kiwango aweze kuingia kwenye mchujo.

Siku hizi mchujo ndio mlango wenyewe. Nafasi nyingi hutolewa kwa viwango vya dunia na ushindi wa nyuma, na zilizobaki hugombaniwa. Nairobi, kwenye Kenya Open iliyoanza 1967, utawaona wanaridhaa wa Kenya wakicheza kundi moja na wataalamu wa Ulaya. Mwanaridhaa akimaliza kwenye nafasi yenye fedha, jina lake linabaki palepale kwenye orodha, lakini hundi inakwenda kwa mchezaji wa kulipwa aliyemfuata.