Kabati la kujengewa chumbani: usalama wake ni nini hasa?

Kabati la nguo la kujengewa ni lile linalopimwa kwa ajili ya chumba kimoja tu. Linajaza ukuta mzima au pembe, mara nyingi kutoka sakafuni hadi darini, na ukihama nyumba linabaki. La dukani unaweza kulizunguka, ukalitikisa, ukatazama mgongo wake kabla ya kutoa hela. La kujengewa likishafungwa, karibu kila kinachoweza kukudhuru kimeshafichwa: skrubu zilizoshika ukuta, nyaya za umeme zilizopita nyuma, gundi iliyomo ndani ya ubao. Fundi atakuuliza rangi na aina ya vitasa. Ni nadra akuulize ukuta wako umejengwa kwa tofali gani.

Kwa hiyo tukisema usalama wa kabati la kujengewa, tunazungumzia zaidi maamuzi yanayofanyika kabla nguo ya kwanza haijaingia. Baada ya hapo kurekebisha ni kubomoa.

Hatari kubwa ni kuanguka. Kabati lenye kina cha sentimeta 60, ambacho ndicho kinachotosha henga kukaa bila kugusa mlango, husimama vizuri likiwa limefungwa. Droo zikivutwa, uzito unahamia mbele. Mtoto wa miaka mitatu anayetaka kitu cha juu huvuta droo za chini na kuzipanda kama ngazi, na hapo uzito wake wote uko nje ya miguu ya kabati. Nchini Marekani watoto kadhaa walikufa hivyo. Juni 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliondoa sokoni huko makabati ya droo yapatayo milioni 29. Desemba 2022 ikapitishwa sheria iitwayo STURDY, na tangu Septemba 2023 makabati ya nguo yanayouzwa nchini humo lazima yapimwe droo zikiwa zimejazwa na kuvutwa, huku yakihimili hali inayomwakilisha mtoto wa hadi kilo 27 hivi.

Sheria hiyo inahusu makabati yanayosimama yenyewe. La kujengewa linachukuliwa kuwa limeshaivuka hatari hiyo kwa sababu limeshikwa na nyumba. Lakini je, limeshikwa kweli? Makabati mengi ya mtaani kwetu yanaitwa ya kujengewa kwa sababu tu yameingia kwenye nafasi yake bila kuacha upenyo. Yamebanwa kati ya kuta mbili, juu yakamaliziwa kwa pambo la jipsamu, na mteja akaridhika. Dari la jipsamu halishiki kitu. Ni bamba jembamba lililoning'inizwa, na skrubu iliyopigwa humo itatoka na unga wake siku ya kwanza kabati likivutwa.

Cha kushika ni ukuta, na ukuta nao una tabia zake. Simama karibu fundi anapotoboa. Mwanzo drili inatoa vumbi la lipu, laini. Ikiendelea kutoa vumbi kwa ugumu uleule, tofali ni zima na fisha ya kawaida, kile kiplastiki kinachotangulia skrubu, itakaa. Drili ikizama ghafla, tofali lina uwazi ndani, na hapo inatakiwa fisha ya aina nyingine inayofunguka ndani ya uwazi huo. Tatizo la tatu ndilo nalolichukia zaidi: tofali lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu. Fisha inaingia vizuri, skrubu inakazwa, kisha vyote viwili vinazunguka pamoja. Fundi mvivu huacha hapohapo, maana kwa nje haionekani. Dawa yake ni kutoboa pengine kwa kina zaidi, na kufunga kwanza ukutani ubao mrefu wa mbao ngumu wenye skrubu nyingi, ndipo kabati lifungwe kwenye ubao huo. Lipu peke yake isihesabiwe, kwa hiyo skrubu iwe ndefu ya kuipita na kuingia kwenye tofali lenyewe.

Tukiwa bado ukutani: nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, basi usiruhusu kutoboa kwenye mstari huo. Piga picha ya ukuta kabla haujazibwa. Na soketi iliyobaki ndani ya kabati, ikawekwa pasi bado ina moto katikati ya mashuka, sihitaji kueleza mwisho wake.

Kioo cha mlangoni kiwe kile chenye utando wa kukishikilia kwa nyuma, ili kikipasuka vipande vibaki mahali pake. Mlango wa kuteleza uwe na kizuizi cha kuuzuia usiruke kwenye reli. Milango inayojifunga yenyewe kwa komeo lisilofunguka kutoka ndani isiwekwe kabisa kwenye nyumba yenye watoto wanaocheza kombolela. Mwaka 1996 kampuni ya Lane ya Marekani ilitangaza kubadilisha makufuli ya masanduku yake ya mbao milioni 12, kwa kuwa yalijifunga kifuniko kikishuka na watoto walikosa hewa humo. Sumaku ndogo inatosha kuufunga mlango, na mtoto anaweza kuusukuma kutoka ndani.

Sasa ubao. MDF na chipibodi ni unga na vipande vya mbao vilivyoshikanishwa, mara nyingi kwa gundi ya urea na formaldehaidi. Ile harufu kali ya kabati jipya inayowasha macho ndiyo formaldehaidi ikitoka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliitambua mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Hutoka zaidi kwenye joto na unyevu, na chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili kina vyote viwili. Ulaya wana daraja liitwalo E1 linaloweka kikomo cha utoaji wake. Dukani omba ubao wenye alama hiyo, ingawa bei itapanda kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu inayotoa zaidi ni ile iliyokatwa. Uso wa ubao umefunikwa na karatasi ngumu ya plastiki, lakini kingo zilizopitiwa na msumeno ziko wazi. Fundi hubandika mkanda kwenye kingo zinazoonekana tu, na zile zinazotazama ukuta na sakafu huziacha. Mwambie azizibe zote. Utapata faida mbili, kwa sababu kingo hizohizo ndizo zinazofyonza unyevu wa ukuta, ubao ukavimba na bawaba zikaanza kulegea. Likimalizika, acha milango wazi na madirisha wazi kwa siku kadhaa kabla ya kupanga nguo, na mtoto mchanga asilale chumba hicho kwa wakati huo.

Mtoto mchanga ana hatari nyingine inayotoka kabatini, na hii haitokani na fundi. Ni vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kati ya kanga ili kufukuza nondo na mende. Watu wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida kwenye maeneo yenye historia ya malaria, mwambao wetu ukiwemo, wakipata naftalini chembe zao nyekundu za damu huvunjika. Kichanga aliyefungwa kwenye kanga iliyokaa miezi na vidonge hivyo anaweza kupata manjano kali inayofika hadi kwenye ubongo. Kufua na kuanika juani kunapunguza, ila kwenye rafu ya nguo za mtoto naftalini isiwekwe kabisa.

Malipo ya mwisho yasitoke kabla ya jaribio. Vuta droo zote kwa pamoja, weka mkono kwenye ile ya chini, bonyeza kwa nguvu, huku mtu mwingine akitazama upenyo wa juu kati ya kabati na ukuta. Ukipanuka hata kidogo, fundi afungue sanduku lake la vifaa tena.