Je, wajua? Jinsi nyuki dume wa Bombus anavyomwita mwenzi kwa harufu

Septemba 1854, mmoja wa watoto wa Charles Darwin aliwaona nyuki wakiingia penye shina la mti nyumbani kwao, kusini mashariki mwa London. Darwin alitarajia kukuta kiota, lakini hakikuwapo. Kila nyuki alifika, akavuma hewani kwa muda mfupi, akaondoka, na baada ya dakika chache akaja mwingine akafanya vivyo hivyo. Katika miaka iliyofuata aliwapanga watoto wake kwenye vituo mbalimbali ambako nyuki hao walisimama kuvuma, ili wapaze sauti kila nyuki alipopita, na baadhi ya nyuki aliwanyunyizia unga ili awatambue. Alibaini kwamba wote walikuwa madume, na kwamba vituo vilevile vilitumika mwaka baada ya mwaka, ingawa madume hao hufa kabla ya majira ya baridi. Sababu yake hakuijua, kwa kuwa jambo alilokuwa akilichunguza kwa macho lilikuwa la pua.

Nyuki hao ni wa jenasi ya Bombus, wakubwa na wenye manyoya mengi, ambao kwa asili hawaishi kusini mwa Sahara. Wasichanganywe na yule mweusi anayetoboa boriti za mapaa yetu. Huyo ni wa jenasi nyingine.

Asubuhi, dume hutua kwenye jani au kijiti na kukishika kwa mataya kana kwamba anakitafuna, kumbe anakipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyomo kichwani mwake, akitumia nywele za mataya yake kama brashi. Akimaliza hapo huenda kituo cha pili, cha tatu na kuendelea, kisha hushinda akiizunguka njia hiyo. Madume wengine wa spishi yake huitumia pia, na malkia kijana, aliyetoka kiotani mwishoni mwa kiangazi akiwa bado hajapandwa, huvutwa na harufu hiyo.

Kila spishi ina mchanganyiko wake. Bombus terrestris na Bombus lucorum wanafanana kiasi kwamba hata mtaalamu hushindwa kuwatenganisha nyuki vibarua wao kwa macho, ilhali mafuta ya madume yao yanatofautiana waziwazi: ya terrestris yana kwa wingi kemikali iitwayo dihidrofarnesoli, na ya lucorum yametawaliwa na nyingine iitwayo ethili tetradesenoati. Wanakemia wa Sweden, akiwamo Gunnar Bergström, walianza kuyachambua mafuta haya katika miaka ya 1960 na 1970, na leo uchambuzi huo huwasaidia wanasayansi kuamua kama nyuki wawili ni wa spishi moja. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la haki kabisa, maana ndicho kigezo wanachokitumia nyuki wenyewe. Kimo cha vituo nacho husaidia kuzitenganisha spishi: dume wa Bombus hortorum hupita chini, karibu na ardhi, na yule wa Bombus lapidarius hupaka vilele vya miti.

Dume na malkia wakikaribiana, zamu ya kunusiwa humfikia malkia. Mwaka 1978 ilielezwa kwamba malkia wa terrestris aliyeondolewa tezi za mataya hupoteza mvuto wake kwa madume. Dume humchunguza kwa vipapasio vyake kabla ya kumpanda, na hupokea pia harufu ya nta iliyofunika mwili wake.

Hata baada ya hapo kemia haijamaliza kazi. Mbegu hupita katika dakika za mwanzo, lakini wawili hao huendelea kushikana kwa muda mrefu, mara nyingi nusu saa hivi, huku dume akiweka kizibo cha kunata ndani ya mwili wa malkia. Ndani ya kizibo hicho mna asidi ya linoleiki, ileile iliyojaa katika mafuta ya alizeti, na hiyo ndiyo inayompunguzia malkia hamu ya kupandwa na dume mwingine.